Pete Haijaota Bado

Pete ya ndoa ya mke wangu ilipotea Jumanne asubuhi, na kabla jua halijazama mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana. Mtuhumiwa nilikuwa mimi.

Mahali pengine pete ikipotea watu huinua magodoro, humulika uvunguni, hufungua bomba la sinki. Hapa Geita watu humtazama kwanza baba mwenye nyumba viatu vyake, kuona kama vina tope la machimboni. Kila mwanamke aliyeolewa katika mji huu anacho kisa cha mwanamume aliyeuza friji, pikipiki au ng'ombe wa urithi ili ahudumie duara. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, na kulihudumia maana yake ni kulilisha: unga na maharage ya vijana walioko chini, mafuta ya jenereta, magogo ya kushikilia kuta. Ukichangia, unaahidiwa mgao wa mifuko ya mawe siku mwamba wenye mali utakapoonekana. Siku hiyo haiko mbali. Tangu nihamie Geita haijawahi kuwa mbali. Ni wiki ijayo.

"Baba Mihayo," mke wangu aliniita kwa sauti ya chini, ile ambayo hata paka wetu akiisikia hutoka nje. "Pete yangu iko kwenye duara gani?"

Niliapa. Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa mama yangu mzazi aliye hai kule Shinyanga. Tatizo ni kwamba niliapa huku jasho linanitoka, kwa sababu lilikuwepo jambo jingine ambalo sikuwa nimeulizwa. Miezi mitatu nyuma, hela ya mifuko kumi ya saruji, tuliyoiweka kwa ajili ya kupiga lipu nyumba yetu, niliipeleka kwenye duara moja upande wa Nyarugusu. Mwenye duara ni shemeji yangu, kaka yake huyu huyu aliyekuwa ananihoji. Kwa hiyo pete sikuichukua, ila uso wangu ulikuwa uso wa mwizi kamili, na mke wa ndoa ya miaka tisa husoma uso kabla hajasikiliza kiapo.

Nikalala kochini. Mtu pekee aliyejua pete ilipo alikuwa chumbani kwake, miguu kaiegemeza ukutani, anaota.

Mihayo si jina la kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa Kisukuma mihayo ni maneno, na binti yangu alibandikwa jina hilo na bibi yake, mama yangu, alipokuwa na miaka mitatu, baada ya kushinda naye siku moja tu. "Huyu," Bibi alisema jioni akijikanda magoti, "hajaja na mdomo mmoja." Sasa ana miaka saba, na midomo mingine imeongezeka.

Ukimchunguza vizuri, makosa yake mengi yanaanzia kwenye maneno yetu sisi wakubwa. Akiwa na miaka minne alinisikia nikilalamika kwamba simu yangu imezima. Katika nyumba yetu kitu kinachozima ni moto, na dawa ya moto uliozima inajulikana. Nilitoka bafuni nikaikuta simu juu ya jiko la mkaa, yeye amechuchumaa anaipepea kwa mfuniko wa sufuria. "Usijali Baba," aliniambia, "imeshaanza kutoa moshi."

Akiwa na miaka sita aliingia kwenye utafiti wa mifugo. Aliona bata wa mtaa wa pili akiogelea dimbwini, akajiuliza: bata ana mabawa mawili na miguu miwili, kifaranga wa kuku naye anavyo hivyo hivyo, sasa kwa nini haogelei? Jibu lake lilikuwa kwamba hajapewa nafasi. Akachukua vifaranga wanne wa jirani, akajaza beseni, akawapa nafasi. Tuliwahi kuwaokoa watatu. Wa nne alikwenda na jibu lake. Jirani yetu, mama mmoja mwenye hesabu kali, hakutaka bei ya kifaranga. Alitaka bei ya tetea mzima, kwa kuwa kifaranga angekua. Akaongeza mayai ambayo tetea huyo angetaga. Akaanza kugusia vifaranga wa mayai hayo. Mke wangu akamwambia kwa bei hiyo bora tungemzamisha ng'ombe. Tangu siku hiyo nyumba mbili hazikusalimiana.

Ugomvi huo ungebaki siri ya uani kama si somo la Hisabati. Mihayo alikuwa darasa la kwanza, katika chumba chenye watoto zaidi ya mia, maana tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016 shule zetu zimejaa kama gulio la Katoro. Mwalimu aliuliza swali ambalo walimu wote wa nchi hii huliuliza: mama ana mayai matano, akampa jirani mawili, amebaki na mangapi?

Watoto wote wakanyoosha vidole. Mwalimu, kwa bahati yake mbaya, akamchagua Mihayo.

"Matano," alisema Mihayo.

"Sikiliza vizuri. Amempa jirani mawili."

"Hawezi kumpa, Mwalimu. Hawaongei."

Niliitwa shuleni siku iliyofuata. Nilivaa shati la mikono mirefu, kama mtu anayekwenda mahakamani. Mwalimu alinipokea kwa heshima zote. "Mzazi, mtoto hana kosa," alisema. "Ila kipindi chote cha Hisabati kimeisha tukijadili kuku wa jirani yenu. Darasa limegawanyika. Wapo wanaosema mlipe tetea, wapo wanaosema mlipe kifaranga." Akashusha sauti, akasogeza kiti. "Kwani mwishowe mlilipa ngapi?"

Basi nilikuwa na dalili zote. Mtu mwenye mtoto wa namna hii anatakiwa kupima kila neno kabla halijatoka mdomoni, kama anavyopima dhahabu kwenye mizani ya sokoni. Mimi nilitoa neno moja bila kupima, ndani ya basi, nikiwa nusu usingizini. Neno lenyewe lina herufi mbili.

Ilikuwa Desemba iliyopita, tunakwenda Shinyanga kwa Bibi kwa likizo. Tulipita Busisi, kwenye Daraja la Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji ya Ziwa Victoria. Mimi niliyekulia enzi za kungoja kivuko, nikila mahindi ya kuchoma mpaka njaa yenyewe inachoka, nilitaka kukaa kimya nifaidi. Mihayo alikuwa anahesabu nguzo. Akapotea kwenye hesabu, akaniomba nimwambie dereva arudi mwanzo wa daraja. Nilipokataa, akamwambia dereva mwenyewe. Kisha akauliza kivuko kimekwenda wapi. Nikasema kimepumzika. Akauliza kama kinaumwa.

Tulivuka Usagara, tukapita Misungwi, nami macho yakaanza kuwa mazito. Tulipofika Maganzo, konda akatangaza wa Mwadui washuke. Abiria mmoja, mzee mwenye kofia ya pama, akaanza kumsimulia Mihayo habari za mgodi wa almasi: jinsi Mkanada mmoja, John Williamson, mtaalamu wa miamba, alivyougundua mwaka 1940, na jinsi mwaka 1947 lilivyopatikana jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Jiwe likachongwa, likabaki karati 23.6, likawekwa katikati ya ua la kuvaa kifuani.

Mihayo alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

"Babu, na yeye alileta zawadi gani?"

"Nani?"

"Huyo bibi harusi. Mama akipewa zawadi ya harusi anaandika kwenye daftari, ili na yeye akapeleke kwao."

Basi zima likacheka. Mama mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Jibuni basi, mtoto ameuliza!" Mzee alivua kofia, akajikuna kichwa, akairudisha. Alisema daftari hilo yeye hajaliona.

Hapo ndipo Mihayo alinigeukia mimi. "Baba, almasi nani aliziweka chini ya ardhi?"

"Mungu."

"Na dhahabu ya kwetu Geita?"

"Mungu huyo huyo."

"Aliipanda?"

"Ee."

Ningeweza kumwambia ukweli, wala haukuwa mgumu: kwamba zamani sana, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, maji ya moto yalipita kwenye nyufa za miamba yakiwa yamebeba dhahabu, yakaiacha humo. Mtoto wa miaka saba anaelewa maji ya moto, anaelewa ufa. Lakini usingizi ulikuwa mtamu, nikasema "Ee", nikalaza kichwa kwenye kioo. Mbegu ya kwanza iliangukia hapo, kilomita chache kutoka Mwadui.

Mbegu ya pili aliipata kwa Bibi. Mama yangu anaishi kijijini na mbuzi wake, mihogo yake, na ngitili aliyoachiwa na marehemu baba. Kwa wasioijua, ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga mvua zinapoanza, mifugo isiguse, majani yakue yangojee kiangazi. Desturi hiyo ni ya zamani, ikafifia miti ilipokatwa ovyo, ikafufuliwa na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, enzi ambazo Shinyanga ilikuwa imebaki vumbi na visiki. Bibi anaijali ngitili yake kuliko anavyotujali sisi. Siku ya pili ya likizo tulikuta mbuzi kumi na mmoja ndani yake, wamejaa mpaka masikioni.

"Nani amewaingiza?" Bibi alifoka.

"Mimi, Bibi," alisema Mihayo. "Ulisema majani yamefungwa. Nikawafungulia."

Mtoto mwingine angechapwa. Bibi alitafuta fimbo, akaiona, akaishika, kisha nikamwona mabega yanacheka. Akaitupa. Adhabu ikawa kumsaidia kupanda karanga siku tatu, na katika siku hizo tatu Bibi alimfundisha mtoto wangu kila kitu alichohitaji ili kuivuruga ndoa yangu. Alimwambia mbegu ya kupanda huchaguliwa iliyo bora kabisa, maana ukipanda mbovu utavuna mbovu. Alimwambia karanga moja huzaa nyingi, nazo hujificha chini, huzioni mpaka ung'oe. Alimwambia shamba la karanga halipigiwi kelele, kunguru watasikia. Alimwambia pia, kwa mkazo, kwamba ukifukuafukua kutazama kama imeota unaiua.

Jioni zilikuwa za hadithi. Bibi alimsimulia habari za Ng'wanamalundi, yule mganga na mcheza ngoma wa Usukuma aliyetikisa enzi za ukoloni, ambaye inasemekana alikuwa akinyoosha kidole miti inakauka. Nilimwona Mihayo akikitazama kidole chake kwa heshima mpya. Nikajua shule ikifunguliwa nitaitwa tena.

Niliitwa wiki ya kwanza. Mwalimu wa zamu alimkuta asubuhi, wenzake wote wako mstarini, yeye amesimama mbele ya ofisi ya walimu akiunyooshea kidole mpapai wa Mwalimu Mkuu.

"Unafanya nini wewe?"

"Naukausha, Mwalimu."

"Umekukosea nini?"

"Haujanikosea. Najaribu tu."

Adhabu ilikuwa ya haki kabisa: aumwagilie mpapai huo kila asubuhi kwa wiki nzima, kidumu kimoja. Siku ya tano mpapai ukatoa maua. Walimu walicheka, wakampongeza kwamba mkono wake una baraka. Hakuna aliyejua kwamba pale alikuwa anakamilisha mafunzo. Ardhi anaijua, mbegu anaijua, maji ameyathibitisha. Viazi huchimbwa, karanga huchimbwa, dhahabu huchimbwa. Viazi hupandwa, karanga hupandwa. Na dhahabu, baba mwenyewe amekiri ndani ya basi mbele ya mashahidi, nayo hupandwa. Kilichobaki ni kupata mbegu bora. Hereni za mama yake alizikagua akaziacha, kwa kuwa zimechujuka na chini yake kuna shaba. Pete ilikuwa ya sonara wa Mwanza, gramu tatu, dhahabu safi. Aliichukua Jumanne asubuhi juu ya sinki.

Nilikaa kochini usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika siku hizo nilikuwa nimejawa na mawazo kiasi kwamba sikujiuliza kwa nini mtoto wangu anakwenda nyuma ya nyumba asubuhi na jioni na kikombe cha plastiki, wala kwa nini amezungushia miiba kipande cha ardhi kisichozidi sinia. Wengine walijiuliza. Mihayo alikuwa amemwambia rafiki yake mmoja tu, kwa siri kubwa: "Nyuma ya kwetu kuna dhahabu. Lakini usiseme." Rafiki huyo ni mtoto wa jirani wa kuku.

Ijumaa jioni jirani wa kuku, aliyemaliza miezi bila kutusalimia, alikuja kuazima chumvi. Alikaribishwa kiti sebuleni, akasema kuna joto, akakibeba mwenyewe mpaka uani, akakaa akitazama miiba. Alisifu nyumba yetu. Alisifu hata zile kuta zisizo na lipu. Alisema yale ya vifaranga ni mambo ya dunia. Aliondoka akiwa ameisahau chumvi.

Alfajiri ya Jumamosi nilizinduliwa na sauti ambayo mtu wa Geita huitambua hata usingizini: sururu ikiuma ardhi. Nilitoka na kanga ya mke wangu kiunoni. Uani kulikuwa na vijana wanne wenye tochi kichwani, kamba zimeshafungwa kwenye vigingi, na kila kipande kina mwenyewe.

"Shikamoo mzee," mmoja alinisalimia bila kusimamisha sururu. "Tumeweka mipaka kwa amani kabisa. Cha kwako ni kile cha karibu na choo."

Nikamwuliza kwa idhini ya nani anachimba kwangu. Akaniambia, tena kwa upole wa mwalimu, kwamba juu ya ardhi ni kwangu, lakini madini yaliyo chini kwa sheria ni mali ya Taifa. Nikamwuliza kama yeye ndiye Taifa. Akasema yeye ni raia mwema anayelisaidia.

Kabla hatujamaliza mjadala huo wa katiba, mama mmoja alikuwa ameshatua chupa tatu za chai na ndoo ya vitumbua chini ya mwembe wangu. Hiyo ndiyo kanuni ya rashi yoyote, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, tangu Rwamgasa hadi Kakola: dhahabu inaweza isije, lakini vitumbua vitakuja. Saa moja kamili watu walikuwa thelathini. Balozi wa mtaa aliitwa aje kutuliza fujo. Alifika mbio, akiwa ameshika koleo.

Mke wangu alisimama mlangoni mikono kiunoni, akinitazama mimi. Kwake ushahidi ulikuwa umekamilika: mume gani ambaye watu wa duara wanamfuata mpaka nyumbani? Nikafungua mdomo kujitetea, na hapo hapo pikipiki ikasimama. Akashuka shemeji yangu, mtu wa Nyarugusu, na karai lake kubwa na kichupa cha zebaki mfuko wa shati. Habari ilikuwa imemfikia huko, ikiwa imenona njiani. Yeye aliambiwa tumepata mwamba unaowaka.

Umati ulimpisha kama daktari. Aliinama, akachukua udongo kwenye vidole, akaunusa, akautemea mate, akasema neno moja, "Aisee," watu wakasogea karibu zaidi. Akaamuru udongo wa mle kwenye miiba utiwe ndani ya karai. Akatoa kichupa, akaeleza kwa faida ya wasiojua: unga wa mawe ukishaoshwa, zebaki hutiwa ikazikamata chembe za dhahabu, kisha lile donge huchomwa, zebaki ikaondoka, dhahabu ikabaki.

Mihayo alikuwa amejipenyeza katikati ya miguu ya watu, macho yamemvimba kwa kulia, lakini swali kwake hushinda kilio.

"Mjomba, ikiondoka inakwenda wapi?"

"Hewani."

"Hewa si ndiyo tunavuta?"

Sururu zilisimama. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupambana na zebaki, semina zimefanyika, vipeperushi vimegawiwa; sijawahi kuona kipeperushi kilichowanyamazisha watu thelathini kwa maneno manne. Kijana mmoja alikohoa, kisha akaonekana kujutia kukohoa. Maswali yote ya Mihayo huwa tunayacheka. Hili hakuna aliyelicheka. Shemeji alikitazama kichupa chake muda mrefu, akakirudisha mfukoni.

"Tuoshe kwa maji tu kwanza," alisema.

Ndiyo bahati yetu. Sonara aliniambia baadaye kwamba pete ya dhahabu ikiguswa na zebaki hubadilika rangi ikawa nyeupe kama ya bati, na mimi ningetakiwa kulieleza hilo pia.

Shemeji alizungusha karai. Maji mekundu yakamwagika, mchanga ukamwagika, karai likazunguka tena, mikono yake inajua kazi. Likazunguka mara ya tatu. Chini kabisa, kitu cha njano kikamemetuka.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika, naamini, mpaka stendi. Balozi alikumbatiana na jirani wa kuku. Mtu alianza kuimba. Shemeji aliingiza vidole, akakiinua kipande cha mali juani, na kipande kilikuwa na tundu katikati, na ndani ya tundu, kwa herufi ndogo, jina langu na la mke wangu.

Ukimya ulishuka, na katikati ya ukimya huo sauti moja ikapaa kwa uchungu wa mkulima aliyevamiwa na nyani.

"Mmeing'oa! Haijaota bado, mmeshaing'oa! Bibi alisema ukifukua unaiua!"

Niliwaona watu thelathini wakielewa mmoja baada ya mwingine. Vijana walikunja kamba zao. Balozi aligundua kwamba ana kikao. Mama wa vitumbua peke yake hakuwa na huzuni. Ndoo yake ilikuwa tupu. Jirani wa kuku alinyoosha kanga, akaniambia kwa heshima, "Ile chumvi nitaifuata siku nyingine," na kusema kweli tangu siku hiyo tunasalimiana.

Mke wangu aliivaa pete ikiwa na udongo wake. Akanitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu Jumatatu. "Baba Mihayo," alisema, "nisamehe. Nilidhani umeipeleka kwenye duara." Nikavuta pumzi kuanza kusamehe. Nilikuwa nimepanga kusamehe taratibu, kwa heshima zote.

Shemeji, akikung'uta karai lake, aliona familia imepatana, akafurahi, akataka kuongeza furaha. "Msikate tamaa," alisema. "Lile duara letu na shemeji lina dalili nzuri. Ile hela ya saruji itarudi mara kumi. Ni wiki ijayo tu."

Nimefikiri sana kuhusu asubuhi ile. Lugha yetu ina ujanja wake: mbegu huota, na mtu aliyelala naye huota. Uani kwangu siku hiyo kila mtu alikuwa anaota, balozi na koleo lake, vijana na kamba zao, shemeji, mimi mwenyewe niliyekwisha kufukia mifuko kumi ya saruji ardhini nikingoja izae. Pete peke yake ndiyo haikuota. Na kati yetu sote, aliyechagua mbegu bora, akaimwagilia kila siku na asiifukue, alikuwa mmoja.

Usiku ule nilirudi kochini, safari hii kwa haki. Taa zilizimwa. Baadaye nikasikia nyayo ndogo sakafuni. Mihayo alisimama mbele yangu na kikombe chake cha plastiki, kimejaa maji mpaka juu, amekishika kwa mikono miwili yasimwagike.

"Baba," alininong'oneza, kwa kuwa shamba halipigiwi kelele. "Ile ya kwako uliipanda wapi? Kesho twende tukaimwagilie."